Kasema Nani? Hotuba ya mtangazaji wa redio kwa wasikilizaji wa Pemba

Hotuba hii ilitolewa Chake Chake, Pemba, Alkhamisi ya 13 Februari 2025, katika kuadhimisha Siku ya Redio Duniani. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Wazee wangu, kina mama, walimu, vijana wa skuli na vyuo, na nyinyi wasikilizaji ambao kwa miaka mingi nimezungumza nanyi bila ya kukuoneni nyuso, nakushukuruni kwa kuja. Mtangazaji huzungumza na chumba. Mbele yake pana kipaza sauti na kioo, na nyuma ya kioo yupo fundi mitambo, anaowasemesha hawaoni. Leo nakuoneni, na nakiri kuwa moyo unanienda mbio kuliko siku yoyote niliyokaa studio.

Tarehe 13 Februari 1946 Umoja wa Mataifa ulianzisha redio yake, na mwaka 2011 UNESCO ikaitangaza tarehe hiyo kuwa siku ya redio duniani kote. Kwetu sisi redio ilikuja mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Unguja, na majina yamebadilika mara kadhaa tangu hapo. Mwaka huu tumetakiwa tuzungumze juu ya redio na mabadiliko ya tabianchi. Nitafika huko. Lakini naomba ruhusa yenu nianze na jambo ambalo watu wa nje wakilisikia hulistaajabia, na sisi tumelizoea hata hatulitazami tena, nalo ni matangazo ya vifo.

Nilianza kazi hii katika miaka ya 1990 nikiwa kijana, na kazi ya kwanza niliyopewa haikuwa kusoma taarifa ya khabari. Nilipewa kusoma matangazo ya vifo. Wakati ule nilihisi nimewekwa pembeni. Leo nasema mbele yenu kwamba hakuna chuo kilichonifundisha khabari kama kilivyonifundisha kile kikaratasi cha msiba.

Litazameni tangazo lenyewe. Linataja jina la marehemu, la baba yake na la babu yake, na ikiwa mtaani alijulikana kwa jina jingine, nalo linatajwa. Linataja alikofia, kijiji atakachozikwa, msikiti atakaosaliwa na saa ya maziko. Linawaita jamaa mmoja mmoja, wa Wete, wa Mkoani, wa Unguja, wa Dar es Salaam, wa Mombasa, kisha linamalizia kwa maneno ambayo kila mtoto wa visiwa hivi anayajua: khabari ziwafikie popote pale walipo. Na kabla ya yote hayo linamtaja mwenye kutangaza. Bwana fulani bin fulani, wa mahali fulani, anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Hakuna tangazo la kifo lisilo na mwenyewe. Aliyeleta karatasi alisimama mbele ya meza yetu, akaandika jina lake, akatia saini, na pale tulipokuwa na shaka tulimtafuta sheha wake kabla ya kufungua kipaza sauti.

Kafa nani? Kafia wapi? Anazikwa lini? Kasema nani?

Hilo la mwisho ndilo lililonileta mbele yenu. Wazee wetu barazani, mtu akija mbio na jambo jipya, hawakumuuliza kwanza jambo lenyewe lina uzito gani. Walimuuliza: kasema nani? Na mleta khabari akishindwa kulijibu swali hilo, kahawa iliendelea kunywewa.

Sasa nikusimulieni kisa ambacho sijawahi kukisema hewani.

Siku moja ya masika ililetwa karatasi ya msiba wa Kiuyu Minungwini. Nyinyi ni watu wa Pemba, hamhitaji kuelezwa kuwa tuna Kiuyu mbili, Minungwini iliyo Wilaya ya Wete na Mbuyuni iliyo Wilaya ya Micheweni. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa penseli, mvua imeirowesha pembeni, na neno la pili la jina la kijiji lilikuwa limefifia. Saa ya kusoma ilikuwa imefika. Aliyeileta karatasi alikuwa bado yuko nje, chini ya ukingo wa paa, anasubiri mvua ipungue. Hatua kumi tu kutoka nilipokuwa. Sikutoka. Nikasoma "Kiuyu", nikapita.

Mtambile alikuwako mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza. Marehemu alikuwa mwenzake wa utotoni; walivua pamoja tangu ujana, hata yule mwenziwe alipozeeka na kuhamia kwa mwanawe huko kaskazini. Mzee alijua kuwa ni Kiuyu, ipi, hakuijua. Akapanda gari mpaka Chake, akapanda nyingine kwenda Micheweni, na sehemu ya mwisho akaimaliza kwa miguu kwenye tope. Alipofika Kiuyu Mbuyuni ilikuwa alasiri, na hakukuta msiba. Watu wakamwambia kuwa maziko ni Minungwini. Alifika Minungwini magharibi inaingia, udongo umeshafukiwa na watu wameshatawanyika.

Kesho yake alikuja kituoni. Upindo wa kanzu yake ulikuwa bado una tope. Akaomba aonyeshwe aliyesoma, nikaitwa. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, ile karatasi ilisema Kiuyu tu?" Nikamwambia hapana, ilisema na neno jingine, lakini lilikuwa halisomeki vizuri. Akaniuliza: "Basi kwa nini hukuuliza?"

Nilikuwa na jawabu gani? Ningesema saa ilikuwa imefika? Ningesema mvua? Alikunywa maji aliyopewa, akaniombea dua, akaondoka. Tangu siku ile sijasoma jina la mtu wala la mahali ambalo sina uhakika nalo, na wanaofanya kazi chini yangu wanajua kuwa nikiikuta karatasi yenye neno lililofifia jambo langu la kwanza ni hilo hilo. Kwa nini hukuuliza?

Ndugu zangu, wengi wenu mtaniambia kuwa zama zile zimepita, na kwamba leo khabari haisubiri karatasi wala meza, imo mkononi mwa kila mtu. Ni kweli. Mimi pia ninayo simu, na ninaipenda. Mvuvi wa Tumbe hunipigia akiwa chomboni kunieleza hali ya bahari, jambo ambalo nilipoanza kazi nisingelipata mpaka chombo kitie nanga. Lakini nataka tuitazame khabari inayokuja kwa simu kwa jicho lile lile la tangazo la kifo, na tuiulize swali lile lile.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kiliposogelea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, boti zikasitisha safari baina ya Unguja na Dar es Salaam, nasi tukawa tunazisoma tahadhari hizo kila zilipotoka. Usiku, katika kundi letu la ukoo, ikaingia video. Mawimbi yanaruka ukuta wa bandari, watu wanapiga mayowe, na chini yake pameandikwa: Mkoani sasa hivi. Shangazi yangu, ambaye mwanawe anafanya kazi ya bahari, alikuwa ameshaiona. Nilipompigia alikuwa amekaa na tasbihi, sauti imemkauka.

Nikaitazama mara ya kwanza, nikaona mawimbi. Nikaitazama mara ya pili, nikaacha mawimbi nikatazama magari. Magari yalikuwa yanapita upande wa kulia wa barabara. Sisi huku tunapita kushoto. Mara ya tatu nikatazama nyuma ya bandari. Mkoani, nyote mnajua, bandari ina kilima nyuma yake na miti. Pale palikuwa na magorofa yaliyopangana, na bao la duka limeandikwa kwa herufi ambazo siwezi kuzisoma. Nikampigia binamu yangu anayekaa Mkoani. Akaniambia bahari imechafuka, vyombo vimefungwa, lakini watu wako majumbani mwao salama.

Nikarudi kundini nikauliza: kasema nani? Aliyeituma akasema kaipata kwa fulani. Fulani akasema kaipata kwenye kundi la skuli. Wa kundi la skuli akataja kundi la harusi. Nikaifuata namna hiyo kupitia watu watano, mpaka nikafika kwenye nambari ambayo hakuna aliyeijua ni ya nani. Watu watano, ndugu zangu, na wote ni watu wema, wenye swala zao na hishima zao, na hakuna hata mmoja aliyekusudia uwongo. Kila mmoja aliamini kwamba aliyemtumia ndiye aliyeuliza.

WhatsApp wenyewe waliiona hatari hii. Mwaka 2019 waliweka mpaka kuwa ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ule ambao umeshasambazwa mara nyingi ukazuiwa kwenda zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hatua hizo ni nzuri. Lakini alama ya kuwa ujumbe umepita kwa watu wengi haikuambii umetoka kwa nani, na ndicho tulichokuwa tukikitafuta usiku ule.

Kuna tarehe moja ambayo siwezi kuipita nikiwa Pemba, nayo ni 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander I karibu na Nungwi ikija huku. Humu ndani wapo waliofiwa, na sitakurejesheni katika usiku ule. Nataja jambo moja tu la kazi yetu. Idadi iliyosomwa asubuhi haikuwa iliyosomwa jioni, na hesabu ya siku za mwanzo na ile iliyokuja baada ya uchunguzi zilipishana mno. Katika saa kama zile, redio inaweza kufanya nini? Inaweza kusema: idadi hii kaitoa fulani, saa fulani, na bado watu wanatafutwa. Hiyo si kauli ya udhaifu. Mama anayemsubiri mwanawe ana haki ya kujua kuwa tarakimu anayosomewa bado ina mlango wazi.

Sasa nizungumze kuhusu saa, maana Ramadhani iko mbele yetu, zimebaki wiki mbili na siku chache, na hili litakuhusuni nyote.

Ramadhani iliyopita nilikuwa Wawi, kibarazani kwa jamaa yangu. Upande wetu palikuwa na redio dirishani. Nyumba ya pili walikuwa wameweka simu juu ya mkeka, wanasikiliza kituo hicho hicho kwa njia ya intaneti. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa kwetu, tukashika tende. Tulipokwisha kunywa maji na kuanza uji, ikaadhiniwa kwa jirani. Mtoto mdogo akamuuliza babu yake adhana ya kweli ni ipi.

Adhana ni moja. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo masafa ya kutoka mnara mpaka dirishani kwako hayachukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sauti inayokwenda kwa intaneti, kwa upande wake, hukatwa vipande vipande, ikapelekwa kwenye kompyuta ambazo pengine ziko nchi nyingine, kisha simu yako ikavikusanya vipande kadhaa na kuviweka akiba kabla ya kukuchezea, ili mtandao ukiyumba usisikie pengo. Akiba hiyo ndiyo inayokuchelewesha, nusu dakika, wakati mwingine zaidi.

Magharibi hapana dhara; umefuturu umechelewa kidogo. Lakini alfajiri je? Mwenye gilasi ya maji mkononi, anayesubiri simu imwambie kuwa alfajiri imeingia, alfajiri yake imeshaingia na yeye anakunywa. Na sisi wa Pemba tuna jambo la ziada. Tuko mashariki ya Unguja, na jua letu linatangulia la mjini Unguja kwa takriban dakika mbili, kuchwa na kucha. Ndiyo maana mtangazaji mwenye kujua kazi yake hasemi tu "sasa ni wakati wa swala". Husema ni wakati wa swala kwa Unguja na vitongoji vyake, kisha akaitaja Pemba kwa saa yake. Vijana mnaosomea kazi hii, msiyaone maneno hayo kuwa ni mapambo. Ndani yake imo saumu ya mtu.

Na saa yetu yenyewe, ile ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, imeingia katika mtihani ambao hatukuutarajia. Mama mmoja alinisimulia hapa Pemba kuwa alikuwa anampeleka mtoto Unguja kutazamwa na daktari, na akapokea ujumbe wa safari uliofasiriwa na mashine: chombo kinaondoka saa 7. Hapakuwa na "asubuhi" wala "mchana". Yeye, kama Mswahili yeyote, akaelewa saa saba, baada ya adhuhuri. Alipofika bandarini chombo kilikuwa kimeondoka tangu saa moja asubuhi. Mashine ilichukua tarakimu ya Kizungu ikaivika nguo ya Kiswahili, na hapakuwa na mtu wa kuisoma kabla haijatumwa. Mtoto alisubiri siku mbili zaidi. Je, ni kosa la mashine? Mashine haimjui mama yule. Aliyeituma mashine ndiye aliyepaswa kumjua.

Hayo yananipeleka kwenye hizi sauti za akili mnemba, ambazo vijana hunionyesha kwa furaha, na furaha yao naielewa. Mwaka jana nilisikilizishwa taarifa iliyosomwa na sauti ya namna hiyo. Ilikuwa nyororo, haipumui vibaya, haikohoi. Kisha ikafika kwenye sentensi iliyosema kuwa barabara imejengwa barabara, na ikayatamka maneno mawili hayo sawasawa, kana kwamba ni moja. Mtoto wa miaka mitano wa kisiwa hiki hawezi kukosea hapo. Barabara ya gari mkazo wake uko mbele ya silabi ya mwisho, na ile ya kusema kuwa kazi imefanywa vizuri mkazo wake umerudi nyuma. Nikamwambia kijana aiandikie neno "bamvua". Ikalisoma, lakini ilipotakiwa kulieleza ikasema ni aina ya mvua. Bamvua, wavuvi wangu, mnalijua. Ni maji makuu, ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanayojaa sana na kutoka sana, kinyume cha maji mafu. Atakayepanga safari ya ngalawa kwa tafsiri ile atajikuta juu ya mchanga.

Sisemi haya kuikataa mashine. Mashine hufundishwa kwa maneno iliyopewa, na sisi hatujaipa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja mjini, tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kamati iliyofuata mwaka 1930. Vitabu vingi vimeandikwa tangu hapo, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1983, limefanya kazi kubwa, kamusi likiwemo. Lakini maneno ya bahari ya Kojani, ya karafuu, ya majamvi ya kuanikia, ya namna mwanikaji anavyolisoma wingu kabla halijamkuta na mzigo nje, mengi yamo vinywani tu. Hapo ndipo tabianchi inapoingia, wazee wangu. Misimu inabadilika, vuli inachelewa au haiji, na mwenye kujua ilivyokuwa ni mzee aliyeihesabu kwa macho yake. Nani kamrekodi?

Baadhi yao walirekodiwa, na hili ndilo jambo la mwisho ninalotaka kukuambieni.

Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 akarekodi santuri. Leo karibu miaka mia imepita, na tunaijua sauti yake kuwa ni yake, kwa sababu santuri ilibandikwa jina. Lakini redio za zamani zilirekodi kwenye kanda za mviringo, kanda hutiwa katika boksi, na boksi huandikwa na mtu mwenye haraka. Miezi michache iliyopita nilipata bahati ya kukaa na fundi anayeziokoa kanda za namna hiyo. Ukifungua boksi, nyingine zinanuka siki. Hiyo ni dalili kuwa plastiki yenyewe inaoza, na hewa yetu ya joto na unyevu huharakisha maradhi hayo. Nyingine zimeota ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Fundi huzifuta kwa kitambaa laini, huzungusha kwa mkono, taratibu, akihofia zisikatike, kisha huzicheza na kuzinakili kwenye kompyuta. Kanda ya saa moja huchukua saa moja. Hakuna njia ya mkato.

Katika kanda moja tulimkuta mzee anazungumza. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuita kwenye upepo. Anaeleza namna ya kuvuka baina ya Pemba na bara kabla ya mashine; nyota gani hufuatwa, kaskazi huanza kulegea lini, mahali gani maji hubadilika rangi. Anayataja maneno ambayo mimi, mtoto wa Pemba, nilikuwa sijayasikia. Anacheka mara moja, na nyuma yake anawika jogoo. Kisha kanda inakatika. Juu ya boksi pameandikwa kwa kalamu ya buluu maneno matatu: Pemba, mzee, bahari.

Hana jina. Hana kijiji. Hana tarehe. Mtu aliyejua bahari yote ile, na sisi tuliokuwa na kalamu mkononi hatukumwandika.

Yamkini mjukuu wake yuko humu ndani. Yamkini yuko aliyewahi kukaa naye pwani. Kwa hivyo nina ombi. Jumamosi ijayo, baada ya swala ya alasiri, nitakuwa hapa hapa ukumbini na nakala ya kanda ile. Haizidi dakika kumi na moja. Waleteni wazee wenu wa Wesha, wa Tumbe, wa Kojani, wa Makoongwe, hata asiyeona vizuri, kwani kinachotakiwa ni masikio. Nitaiwasha, nitakaa kimya mpaka imalizike, halafu nitauliza kasema nani.